Kitanda Kilichokwenda Rusinga

Mzee Kerosi alipoamua kugawa vitu vya nyumba yake pale Magunga, alidhani kazi ingekwisha kabla ya Sabato. Vitu vyake vilikuwa vichache, na watu wasio na vitu walikuwa wengi. Hakuona ugumu ungetoka wapi.

Mkewe, Bonareri, alikuwa amezikwa miezi kadhaa nyuma huko Migori, kwenye shamba walilonunua wakiwa bado na nguvu. Tangu mazishi, Kerosi hakuwa amelia wala kucheka. Watu wa kanisa walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza. Ndani yake kulikuwa kimya tu, kama mashine yake ya kusaga unga siku mkanda ulipokatika: chuma kipo, mafuta yapo, hakuna kinachozunguka.

Mashine hiyo ndiyo iliyomleta Magunga. Alitoka Kisii akiwa kijana, akaajiriwa kusagia watu, baadaye akanunua yake. Akajifunza Kijaluo kwa kusikiliza foleni ya akina mama wenye debe kichwani. Walimwita Jakisii, yaani Mkisii, kisha wakazoea, wakamwita baba Mosoti kwa jina la mtoto wake. Wakati huo mtu alijua mahindi yake yalitoka shamba gani na unga wake ulisagwa na nani. Siku hizi watu wananunua unga wa pakiti wenye picha ya mama anayecheka, na hakuna anayemjua mama huyo. Mashine ilinyamaza, ikauzwa kama chuma chakavu. Bonareri naye akanyamaza. Kilichobaki ni Kerosi kwenda kukaa Migori, kwenye boma lake, karibu na kaburi na karibu na mwanawe Mosoti, aliyemjengea nyumba ndogo ya mabati upande wa juu wa kiwanja.

Huko hakukuwa na nafasi ya vitu vyote. Kuuza hakutaka. Vitu ambavyo Bonareri alivishika kwa mikono yake, avitandaze juu ya gunia sokoni? Hapana. Angevitoa.

Zamani kutoa kulikuwa kazi nyepesi. Jembe likikuzidi, ulijua nyumba inayolimia jembe lililovunjika mpini. Nguo ya mtoto ikibana, ulijua tumbo lililo mlango wa tatu. Hukutangaza. Ulipita jioni, ukaweka, ukaulizia habari za mifugo, ukaondoka. Shukrani ilikuja yenyewe wakati wa mavuno: mkungu wa ndizi umeegemea mlango wako, na aliyeuleta hakujitaja.

"Sokoro, sasa utasimama barabarani uite watu kama mhubiri?" Mokeira alimuuliza. Mokeira ni binti wa Mosoti, msichana wa chuo, na alikuwa amekuja kutoka Migori kumsaidia kufunga mizigo. Sokoro ndiyo babu kwa Kikisii. Lakini mara nyingi alimwita mume wangu, kwa sababu kwa Wakisii babu na mjukuu wameruhusiwa utani ambao baba na mwana hawathubutu hata kuuota.

"Nitaita majirani."

"Majirani gani? Wale wa zamani wamekufa, wa sasa hata majina huwajui. Kuna grupu kwa simu. Mtu anaweka picha ya kitu hataki, mwenye anataka anakuja kuchukua. Bure."

"Na nitajuaje ni mtu wa aina gani?"

"Hutajua. Hiyo ndiyo raha yake, mume wangu."

Kerosi hakuona raha hiyo iko wapi, lakini hakuwa na nguvu ya kubishana. Mokeira akapiga picha za vitu kimoja kimoja, hata vile ambavyo havikupenda kupigwa picha, kama kabati lililopinda mgongo.

Walianza na meza. Mtu mmoja akaandika: bado iko? Akajibiwa iko. Akauliza tena kama kweli iko. Kisha akataka aione chini. Mokeira akalala chali sakafuni akapiga picha ya tumbo la meza. Mtu akauliza ni mti gani. Mvule. Viti vinakuja nayo? Vinakuja. Basi akauliza ataletewa siku gani.

"Aletewe?" Kerosi akasema. "Mwambie nitakuja pia nimkatie sukuma wiki juu yake."

Mokeira aliandika kwa adabu zaidi ya hivyo. Yule mtu akajibu mbele ya grupu nzima kwamba siku hizi watu hawana moyo wa kutoa, akaishia hapo.

Mwingine akaja na mkokoteni siku ya Sabato, wakati Kerosi amesimama mlangoni na koti la kanisani, Biblia kwapani.

"Njoo kesho," Kerosi akamwambia.

"Mzee, Mungu anakataa mtu asaidiwe leo?"

"Mungu hakatai. Ni mimi nakataa."

Kesho yake hakuonekana. Meza ilichukuliwa mwishoni na mwenye kibanda cha chai, naye akaikata miguu kwa msumeno ili ilingane na mabenchi yake. Kerosi alipopita akaiona imechuchumaa pale chini, imejaa pete za vikombe. Akaamkia watu, akapita. Alijaribu kukasirika, hasira haikuja.

Ya sufuria ilikuwa mbaya zaidi. Bonareri alikuwa na sufuria moja kubwa, ile inayoazimwa kijiji kizima ikiwa kuna harusi au matanga. Mwanamke mmoja aitwaye Beverly, mnene, mwenye maneno matamu, akaja kuichukua.

"Ni ya mama mkwe wangu, mzee. Anapika kwa shida, ukimwona utalia."

Kerosi akaingia ndani, akatoka na wimbi mkononi, ile nafaka ndogo ya uji, akaliweka ndani ya sufuria. Hivyo ndivyo Bonareri alivyofanya maisha yake yote. Kwao hawakutoa chombo kitupu. Kikapu, chungu, hata ndoo yenye tobo, kilitoka nyumbani kwake na wimbi chini, ili kule kinakokwenda kisianze na njaa.

"Hii nayo ni nini?" Beverly akauliza akichungulia. "Ni uchafu?"

"Si uchafu. Ni wimbi. Sufuria haitolewi tupu."

"Aaa, sawa," akasema. Alipofika langoni akaipindua sufuria, akaigonga makalio mara mbili, wimbi likamwagika nyasini. Kerosi alikuwa bado amesimama mlangoni.

Siku ya soko akaikuta sufuria imekaa juu ya gunia, kati ya viatu vya mitumba na betri za tochi. Beverly alikuwa nyuma yake, anakula muhogo.

"Jaduong', mzee wetu, karibu! Sufuria safi, haina tobo. Wewe kwa vile tunajuana nitakupunguzia."

"Mama mkwe hajambo?" Kerosi akamuuliza.

"Mama mkwe gani?"

Aliporudi nyumbani, Mokeira alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwona uso, akaacha.

Nisiseme yote yalikuwa mabaya. Dolphine, mjane anayeuza omena, alikuja kuchukua vikombe na taa ya mafuta, akaazima ndoo ya kubebea. Kerosi hakutarajia kuiona tena ndoo ile. Ikarudi, imejaa omena kavu, na jani la mgomba juu.

"Umejisumbua, mama," akamwambia.

"Ndoo irudi tupu kwani mimi ni mtu wa namna gani?" Dolphine akasema kwa ukali, kama aliyetukanwa, akaenda zake. Kerosi aliishika ndoo kwa muda pale mlangoni. Alitaka kumwita Bonareri aone.

Kikabaki kitanda.

Picha yake alikuwa amemkataza Mokeira kuiweka kwenye grupu, mpaka siku ya mwisho. Kilikuwa cha mvule, kizito, na kwenye ubao wa kichwani fundi alikuwa amechonga ndege wawili wanaotazamana. Fundi huyo hakuwahi kuona ndege wa aina hiyo, wala mtu mwingine yeyote. Bonareri alisema ni kuku wanaogombana. Watoto wao wote walizaliwa juu ya kitanda hicho, akiwemo Mosoti. Tangu mazishi Kerosi hakukilalia. Alilala kwenye kiti kirefu cha sebuleni, miguu ikining'inia.

Hakuweza kukilalia, hakuweza kukipasua kuni, na hakuweza kwenda nacho Migori. Hilo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote. Mkisii wa zamani hakuingia chumba anacholala baba yake. Hakukaa juu ya kitanda cha wazazi wake, hakukigusa, na mbele ya baba yake hata kukitaja hakukitaja. Baba naye hakukanyaga nyumba ya mwanawe aliyeoa. Jambo hili liliitwa chinsoni. Kwa Kiswahili tungesema haya, lakini haya ni neno dogo. Chinsoni ilikuwa ukuta, na kwa sababu ya ukuta huo baba na mwana waliweza kuzeeka katika boma moja bila kudharauliana. Leo vijana wanasema ni mambo ya kale. Wanakaa na baba zao kwenye kochi moja, wanatazama picha za wanawake walio uchi nusu kwenye televisheni, wanapitishiana njugu. Kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayemwogopa mwenzake.

Kerosi alijua akienda na kitanda Migori, siku atakapokufa ni wanawe watakaokibeba. Alitaka kiondoke yeye akiwa hai, kiende kwa watu wa mbali wasio damu yake. Kati ya vitu vyote alivyogawa, ni hicho tu alichojali kilikofika. Kisiingie katika nyumba ya mtoto wake. Hilo tu. Mengine waharibu watakavyo.

Aliyekuja kukichukua aliitwa Jacktone, Mjaluo mwenye kanta, lori dogo la kubebea mizigo. Kerosi alimpenda kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alivua kofia langoni, akaja na kamba zake na blanketi kuukuu la kukingia mbao. Hakuuliza kama bado kipo. Alikubali uji, akaunywa wote.

"Jaduong', nimekuja kwa ajili ya kile kitanda."

"Kinakwenda kwa nani?"

"Kwa ndugu yangu, Otieno. Yuko kisiwani, Rusinga. Ameoa juzi tu, na wanalala kwa mkeka."

"Baba yake yupo?"

"Baba yetu alikufa."

"Vizuri," Kerosi akasema, kisha akasikia alichokisema. "Nimesema vizuri kwa maana nyingine, kijana wangu."

"Nimeelewa, jaduong'."

Wakakifungua, ubao kwa ubao. Kerosi akasema, "Hakitauzwa?"

"Hakitauzwa. Naapa."

"Na hakitarudi upande wa Kisii, wala Migori?"

Jacktone aliinama kuangalia fundo. "Kamba hii imeoza," akasema. "Ngoja nilete nyingine."

Mokeira alikuwa amesimama kando, anakwaruza ukuta kwa ukucha. Hakutania kitu siku hiyo. Kerosi alidhani ni huzuni.

Kitanda hakina mahali pa kuweka wimbi. Basi akachana ukanda wa leso ya Bonareri, ile ya manjano, akafunga konzi ya wimbi ndani yake, akaufunga kwenye mbao ya ubavuni, upande aliolala mkewe. Jacktone hakuuliza ni uchafu. Aligusa fundo kwa vidole, akasema, "Ero kamano," shukrani ya kwao. Kanta ikaondoka polepole, na wale ndege wawili wakamtazama Kerosi kwa nyuma mpaka kona.

Mchana huo alikula ugali wote. Mokeira alisimama na sahani tupu akaitazama.

Alipohamia Migori alipewa kila kitu. Nyumba yake ndogo ilikuwa na kitanda cha chuma, chandarua, redio. Joyline, mke wa Mosoti, alimletea uji kabla hajauliza. Kerosi akakaa kwenye kiti chake cha mbao chini ya upenu, ameelekea uwanja wa boma, kuku, na ng'ambo ya ua kaburi la Bonareri. Nyuma ya nyumba yake ilipita barabara ya Isebania.

Wakati huo kilichokuwa kinamsogeza toka asubuhi hadi jioni ni Rusinga. Hakuwahi kufika huko. Alijitengenezea. Aliona kanta inavuka daraja la Mbita, aliona nyumba ya Otieno na nyavu zimeanikwa ukutani, na mke wa Otieno, mwembamba, mwenye kiburi, anauliza hawa ndege ni ndege gani. Otieno anamjibu ni kuku wanaogombana. Kerosi hakumfundisha jibu hilo, alikuja nalo mwenyewe. Siku nyingine mke wa Otieno alianika dagaa, siku nyingine alinuna. Haikuwa furaha kubwa. Lakini ilikuwa kitu chenye joto, na ndani ya Kerosi hakukuwa na kingine.

Jumapili moja asubuhi, Joyline na mwanamke wa jirani walitoa kitanda nje ya nyumba ya Mosoti, wakakiweka juani. Joyline alikuwa na birika la maji ya moto. Kitanda kilichosafiri kinaweza kuja na kunguni, na yeye ni mwanamke msafi. Alimwaga maji kwenye nyufa, akasugua. Kisha akafungua kitambaa kilichofungwa ubavuni, akakikung'uta. Kuku wakaja mbio.

Kerosi alitazama kuku kwanza. Alifikiri: hilo ni wimbi, nani analima wimbi hapa? Kisha akaona ukanda wa manjano mkononi mwa Joyline. Kisha akaona ndege.

Joyline akahisi anatazamwa. Akasimama na birika linalofuka moshi.

"Baba, umeamkaje?"

"Salama."

"Sisi... tunaosha tu."

"Osheni, mama."

Aliinuka. Akashika kiti chake kwa mgongo, akakiburuta kuzunguka nyumba, akakiweka upande wa pili, kinyume cha boma. Akakaa akitazama barabara. Nyuma yake alisikia brashi ikisugua, kisha ikaacha kusugua.

Kuna watu wangepiga kelele. Yeye hakuweza, na si kwa upole. Kumwambia Mosoti "umechukua kitanda changu" kungekuwa kukitaja kitanda mbele ya mwanawe, na hapo yeye mwenyewe angekuwa amebomoa ukuta kwa nyundo yake. Ile sheria iliyovunjwa ndiyo ileile iliyomfunga mdomo. Alifikiri arudi Magunga, lakini nyumba yake ilikuwa tayari imepangwa na mtu wa kutengeneza simu. Alifikiri juu ya Rusinga, na nyumba ya Otieno haikuwepo. Ilikuwa imeondoka na nyavu zake na mwanamke wake. Akabaki na malori.

Jioni Mosoti alifika kutoka kwenye duka lake la dawa za mifugo. Akasimama nyuma ya kiti, mbali kidogo.

"Baba, mbona umegeukia huku? Vumbi litakuua."

"Naangalia malori."

"Malori?"

"Mengi yanatoka Tanzania. Yamebeba vitunguu."

"Joyline anasema hukula."

"Nimekula kidogo."

Mosoti aliendelea kusimama. Kerosi alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, na akamwombea asianze. Hakuanza. Alisema usiku mwema, akaenda. Ikawa hivyo siku zilizofuata: baba anatazama barabara, mwana anasalimia kisogo cha baba. Uji uliletwa, ukanywewa nusu. Mwili wa Kerosi ulianza kukauka kama ngozi iliyowambwa, na hakujali. Aliona tu kwamba katika boma alilolinunua mwenyewe hana upande wa kukaa.

Mokeira alirudi kutoka chuo Ijumaa, kabla ya jua kuzama kuleta Sabato. Akaja na kigoda, akakaa mbele yake, akaziba barabara.

"Mume wangu, nasikia siku hizi umeoa malori."

"Yananitii."

"Mimi je?"

"Wewe ni mwongo."

Mokeira akaangalia chini. Sasa Kerosi angeweza kusema. Kwa mjukuu ulimi uko huru.

"Otieno wa Rusinga ni nani?"

"Hakuna Otieno. Jacktone ana ndugu mmoja tu, yuko Nakuru. Anauza magodoro, fikiria." Akajaribu kucheka, ikakataa. "Mimi ndio nilimwonyesha baba picha, sokoro. Aliiangalia kwa simu mpaka taa ikazima. Akasema, mimi nilizaliwa hapo, na mama yangu ameugulia hapo, na sasa kinakwenda kwa mtu wa grupu. Nikamwambia muulize basi. Akasema siwezi. Akasema, hata kuuliza siwezi, Mokeira, wewe hujui tulivyolelewa."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Ndio akamtuma Jacktone."

Kerosi alitazama lori moja likipita, na lingine. Kwa hiyo Mosoti alijua. Angekuwa hajui, ingekuwa ujinga, na ujinga unasamehewa. Lakini alikuwa ameshika nusu ya chinsoni, ile ya mdomo, nusu ya mwili akaiacha. Vijana wamebaki hivyo siku hizi, wanachukua nusu iliyo rahisi. Hata hivyo nusu ilikuwepo. Alilipindua wazo hilo huku na huku, akaona halimletei uchungu wala utamu.

Kulikuwa na swali moja ambalo hakumuuliza Mokeira, kama Mosoti na mkewe wamekilalia, na Mokeira hakulijibu.

"Mimi nikiwa mdogo nililala wapi, nikija Magunga?" Mokeira akauliza.

"Katikati yetu."

"Kwenye hicho kitanda."

"Ulikojoa."

"Nilikojoa sana. Na hakuna mtu alisema ni vibaya."

"Mjukuu si mtoto. Mjukuu analala popote."

"Basi nipe mimi. Nimepata chumba karibu na chuo, nalala kwa godoro chini kama mke wa Otieno."

"Kitu nilichokitoa siwezi kukitoa tena."

"Hukukitoa. Ulimpa mtu ambaye hayupo. Sasa toa, sokoro, mara ya kwanza."

Kerosi akaangalia magharibi. Baadaye kidogo akasema, "Si leo. Leo jua linazama."

Jumapili kanta ilikuja; Mokeira alikuwa amemwambia baba yake. Mosoti alikifungua kitanda mwenyewe, akabeba mbao akiangalia upande mwingine, kama anayebeba kitu kisichoonekana. Jacktone hakushuka. Kerosi akazunguka polepole mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Jacktone, Otieno hajambo?"

Jacktone akavua kofia ndani ya gari. "Jaduong', nisamehe."

"Mke wake je? Amewazoea wale ndege?"

Jacktone akashika usukani kwa mikono miwili. Kerosi alingoja kidogo, si kwa ubaya. Kisha akaenda mpaka mlango wa jikoni la Joyline. Hakuingia.

"Mama, niletee konzi ya wimbi."

"Wimbi, baba? Hatuna. Hapa hakuna anayelima. Labda sokoni kesho."

"Kesho gari halitakuwepo."

Joyline akaingia, akatafuta, Kerosi akasikia makopo. Akatoka na ukanda wa manjano aliokuwa ameufua na kuuanika, na mkono mwingine ameshika mchele wa pakiti, mweupe, mrefu, unaonuka manukato ya dukani.

"Huu tu, baba."

Kerosi aliutazama. Bonareri angesema nini juu ya mchele huu? Alijaribu kusikia sauti yake na hakuisikia. Akaupokea, akaufunga ndani ya ukanda, fundo moja na jingine juu yake. Mokeira alikuwa tayari juu ya kanta. Akampa. Msichana akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti palepale kati ya mbao, kitu ambacho hakuna aliyemfundisha chuoni.

"Ufunge ubavuni," Kerosi akasema. "Upande wa ukutani."

"Nimesikia, mume wangu."

Mosoti alikuwa amesimama karibu na ua, amewapa mgongo. Kerosi naye akampa mgongo. Wakakaa hivyo mpaka gari lilipotoka langoni.

Boma lilikuwa wazi sasa. Mahali kitanda kilipooshwa kwa maji ya moto palibaki nyasi za manjano. Kerosi angeweza kukirudisha kiti chake upande wa zamani, akatazama kaburi na watu. Alikaa pale pale, upande wa barabara, akangoja ile raha ya siku ya Magunga, siku aliyokula ugali wote. Lori la vitunguu likapita. Joyline akaleta uji, akauweka chini, akaondoka, naye akaunywa wote kwa sababu ulikuwepo.

Kuku walizunguka nyumba wakaja kuchokora miguuni pake, kuona kama kuna kilichomwagika. Hakikuwepo. Mchele alikuwa ameufunga vizuri.